Siku Lorna Aliponyanyua Kombe

Lorna Prystupa alikuwa jikoni anakaanga vitunguu vya kuwekea juu ya pirohi, vile vimfuko vya unga vya kuchemsha, pale mwanawe Dalton alipoingia kwa mlango wa nyuma, akavua viatu, akaliweka begi lake la hoki ya barafu palepale alipokatazwa kuliweka tangu utotoni. Ilikuwa mwishoni mwa Juni. Upepo wa tambarare ulikuwa unapiga tangu alfajiri, na ule mlango ulimshinda kidogo kuufunga. Lorna aligeuka kumtazama. Kupitia kifuani mwa mwanawe aliuona mlango wa friji, na kwenye mlango ile sumaku ya umbo la nanasi, na chini ya sumaku ratiba ya kuzolea takataka. Aliisoma. Takataka zilikuwa zinazolewa Alhamisi.

"Umekonda," alisema.

"Ligi imeongeza timu mbili, Mama."

"Hata kama. Kaa ule kwanza."

Dalton akakaa, na kiti hakikulia. Alikula sahani mbili zilizojaa, pirohi za viazi na jibini, na krimu juu. Lorna si mtu wa kuchungulia wenzake, kwa hiyo alijizuia kutazama chakula kinaelekea wapi.

Kule Halbrook, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, hakuna nyumba ambayo haijawahi kumpeleka mtoto uwanja wa barafu kabla jua halijachomoza. Wamepeleka wana, wamepeleka mabinti, wengine wamepeleka hata wapangaji. Lakini aliyefika ligi kuu, ile ya mamilionea na taa, alikuwa mmoja tu, naye ni Dalton. Tena hakufika kwa kishindo. Alikuwa safu ya nne: wale wanaoingizwa wakubwa wakitaka kunywa maji, wanagonga watu mara mbili tatu, wanatoka. Hata hivyo picha yake ilibandikwa posta, na mama yake alikuwa akienda kununua stempu asizozihitaji.

Huku kupungua hakukuanza kwake. Kulianza miaka kadhaa nyuma, ligi ilipoingiwa na hamu ya kuongeza timu. Wachezaji wa safu ya nne walianza kupauka kama shati lililofuliwa sana, halafu wa safu ya tatu wakafuata. Hakuna aliyeona kuwa ni jambo la ajabu. Watangazaji walisema mchezo umekuwa mwepesi zaidi, na ligi ikaagiza jezi za rangi kali ili watazamaji wasiumize macho bure. Daktari wa timu alimpima Dalton, akamtazama, akautazama ukuta kupitia kwake, akaandika kwamba yu mzima na anaweza kucheza.

Baba yake, Orest, alikuwa na maelezo, na alikuwa akiyatoa kwa kinyozi Glenn Machuk kila Jumamosi, atake asitake mtu kuyasikia.

"Sikilizeni," alisema Jumamosi ile, sabuni imemjaa kidevuni. "Umepika supu ya bitiruti ya watu sita. Wakija thelathini unafanyaje?"

"Unaongeza maji," alijibu mzee mmoja aliyekuwa anangoja zamu.

"Haya. Wakija arobaini?"

"Unaongeza tena."

"Ndiyo ligi hiyo. Wachezaji wazuri hawapandwi kama ngano, kwamba mvua ikinyesha unavuna zaidi. Ni walewale. Ukigawa, ukigawa, mwisho unamnywesha mtu maji ya moto mekundu halafu unamwambia asante kwa kuja."

Glenn alikuwa na miaka hamsini na minane na hakuna kitu alichopenda kama kumchokoza Orest. Aliusogeza wembe taratibu. "Wewe bwana huna haya. Mwanao ndiye aliyekaribishwa mezani, halafu wewe ndiye unayelalamika supu nyepesi? Zingebaki timu zile za zamani, Dalton angekuwa hapa ananishikia taulo."

Watu wakacheka, na Orest akacheka nao, kwa kuwa ni kweli, na kweli ya kinyozi haina mjadala wakati wembe uko shingoni. Ila alinyamaza mapema kuliko wengine. Enzi za ujana wake aliitwa kambi ya mazoezi ya timu moja kubwa, akakaa wiki moja, akarudishwa kwa basi. Mwenye kovu usidhani kapoa.

"Mimi sisemi wasiongeze," alisema baadaye, akijifuta. "Nasema waongeze penye barafu. Hawa wanapeleka timu jangwani, kwa watu wanaojua barafu ya kwenye glasi tu. Wanagawa na kofia bure ili watu waje. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Jiji lililo karibu na Halbrook lilikuwa limeomba timu mara nyingi hadi maombi yenyewe yakawa sehemu ya majira, baada ya kuvuna na kabla ya theluji. Kila mara kamishna wa ligi alijibu kwa adabu. Alisema watu wa jiji lile tayari wanaipenda hoki, kwa hiyo kuwapa timu hakutaongeza mpenzi hata mmoja, na ligi inataka kukua. Watu walilisoma jibu, wakaona lina mantiki, wakaanza kuandaa maombi mengine.

Majira yale ya joto Dalton alikaa nyumbani. Siku ya pili tu upepo ulimbeba kutoka uani hadi kwenye ua wa jirani, akaombwa aondoke kwenye nyanya. Lorna akafungua kisanduku cha Orest cha kuvulia samaki, akatoa risasi zote za kuzamishia ndoana, akazishonea kwenye pindo la koti la mwanawe, moja baada ya nyingine, uzi mara mbili. Orest aliuliza yeye atavua na nini. Lorna akamuuliza anataka samaki au anataka mtoto. Orest akaenda kununua risasi nyingine.

Alichokitaka Lorna kilikuwa kimoja, na hakukificha. Alitaka Dalton asirudi kule. Alimzaa akiwa na kilo nne na nusu, mtoto wa kuzungumziwa kanisani, na sasa asubuhi alikuwa anapapasa kitanda cha mwanawe kujua kama kuna mtu. Aliogopa. Alimwambia Orest hivyo, kwamba anaogopa, kwamba wakiongeza timu mara moja tena hatakuwa na mtoto wa kumshonea risasi.

"Si alishinda lakini?" Orest alisema. "Subiri kwanza kombe lije."

Maana walikuwa wameshinda. Timu ya Dalton ndiyo iliyotwaa ubingwa mwezi ule wa Juni. Wote waliocheza fainali walikuwa wamepauka, na katika waliopauka lazima atokee mshindi. Na desturi ya ligi, tangu enzi na enzi, ni kwamba kila mchezaji wa timu bingwa hupewa kombe kwa siku moja, alipeleke kwao, afanye nalo atakavyo. Wengine hulinywea bia. Wengine hulipeleka kwenye kaburi la babu. Zamu ya Halbrook iliangukia Jumamosi moja ya Agosti.

Kombe lilikuja kwa gari na mlinzi wake, Bwana Whitlock, mtu mwembamba mwenye glavu nyeupe na sura ya mtu aliyewahi kuona kombe likiogelea. Lilipandishwa juu ya gari la zimamoto pamoja na Dalton na koti lake la risasi, likazungushwa mjini. Watu walipunga mikono kwa jezi, kwa kuwa jezi ndiyo iliyoonekana. Kisha likaingizwa uwanja wa barafu, ambao mwezi ule ni sakafu kavu ya saruji, likawekwa juu ya meza yenye kitambaa kilichotariziwa na akina mama wa kanisa.

Hapo watu wakajipanga kupiga picha, na kila mmoja alisimama hatua moja kutoka kombe, mikono nyuma, kama anayekaguliwa na mwalimu. Kuna jambo ambalo hakuna mtu wa Halbrook anayehitaji kufundishwa: asiyelishinda kombe haligusi. Ukiligusa kabla, hutalishinda maisha yako yote. Akina mama waliokuja na watoto wachanga waliwafunga mikono kwa shali, wa kike kwa wa kiume, wasije wakajiharibia.

"Haya, Dalton," alisema Glenn. "Linyanyue basi tulione."

Dalton akavua koti, akasogea mezani, akashika. Mikono yake ilizama ndani ya fedha ile hadi kwenye viwiko, ikatokea upande wa pili. Akaitoa, akajipangusa kwenye jezi, akajaribu tena. Mtu mmoja alikohoa. Bwana Whitlock alitazama saa yake.

"Wengi huwa wanajaribu mara tatu," alisema kwa upole. "Mwezi huu hawajaweza hata wawili."

"Basi mnyanyulie wewe," alisema Lorna.

"Mama, mimi nabeba kutoka garini hadi mezani. Kulipandisha juu ya kichwa ni kazi ya bingwa au mtu wake."

Lorna akawageukia wanaume. Walikuwa wengi, vifua kama milango ya ghala, watu wanaobeba magunia bila kusitisha mazungumzo. Wakarudi nyuma wote kwa pamoja, mikono mifukoni.

"Glenn."

"Lorna, dada yangu, usinitazame hivyo. Mimi bado sijastaafu."

"Kustaafu nini? Wewe ni kinyozi."

"Hoki. Sikuwahi kutangaza rasmi." Glenn alikuwa hatanii, au kama anatania basi yeye mwenyewe hakuwa na habari. "Siku hizi wanaongeza timu kila tukigeuka. Watafika wapi? Wakimaliza vijana watawageukia wazee. Simu ikilia, halafu iwe nilishaligusa?"

Wanaume wengine wakatikisa vichwa, kwamba hapo Glenn kasema. Mmoja wao alikuwa ametoka hospitali wiki ile kubadilishiwa nyonga.

Basi Lorna akamtazama mumewe. Orest alikuwa ameinama, anaangalia ncha za viatu vyake.

"Baba yake ni wewe," Lorna alisema.

"Ni mimi."

"Basi njoo umsaidie mwanao."

"Lorna," Orest alisema, na sauti yake ilikuwa ya yule kijana wa kwenye basi. "Miaka yote hii sijaligusa hata kwenye picha ya gazeti. Usiniombe hilo."

Hakugombana naye. Alimwonea huruma na akamkasirikia, vyote kwa mara moja, kama ilivyo kwa watu waliooana muda mrefu. Akafungua aproni, akafuta mikono yake iliyonuka vitunguu, akalishika kombe kiunoni na kulinyanyua juu ya kichwa chake. Lilikuwa na uzito aliokuwa nao Dalton siku ile ya kwanza alipombeba kumtoa barafuni, anapiga mateke, hataki kutoka. Dalton akaja nyuma yake, akaweka viganja vyake juu ya vya mama. Vilikuwa baridi kama hewa ya friji iliyoachwa wazi. Lorna alivihisi, na akashukuru kwamba anavihisi.

Watu wakapiga makofi. Walipiga na picha, na katika picha zile anaonekana mwanamke mnene wa makamo ameinua kombe, analia, na nyuma yake kuna kitu kama mvuke wa birika. Ni picha nzuri. Glenn aliibandika kinyozini, chini yake akaandika: Bingwa wetu.

Jioni, kombe lilipokwisha kuondoka, Lorna alimkalisha mwanawe mezani na kumwambia lote.

"Usirudi, mwanangu. Baki hapa. Nitakulisha mpaka ujae."

"Nibaki nifanye nini, Mama? Niendeshe lori la ngano?"

"Lori la ngano lina ubaya gani? Dereva wake anaonekana."

Dalton akacheka kidogo. Kisha akasema, na alisema bila hasira, kwamba kama ligi ingekuwa na timu ishirini asingevaa jezi hata siku moja. Yeye mwenyewe anajua kipaji chake kinaishia wapi. Kilichompa nafasi ndicho kinachomla. Hakuwa na wa kumlaumu.

"Lakini nikiwa kwenye barafu," alisema, "nasikia vyuma vinakata, nasikia watu elfu kumi na nane. Mama, pale sijioni nimepungua hata kidogo."

Lorna akachukua bakuli lake. Alimwongezea supu, ile nzito, ambayo kijiko kinasimama.

Wiki mbili baadaye kamishna alitokea kwenye televisheni, taswira yake imara kabisa, suti ya kijivu, na tai. Alitangaza timu mpya nne. Moja ilikwenda mji wa jangwani ambako maduka hufungwa mchana kwa ajili ya joto. Jiji jirani na Halbrook lilishukuriwa kwa maombi yake. Mchezo unakua, alisema kamishna, na akatabasamu. Kama ilivyo kawaida timu mpya zikija, kila timu ya zamani iliruhusiwa kuwaficha wachezaji wake bora, na waliobaki wakawekwa wazi ili wageni wajichagulie. Dalton aliwekwa wazi. Wakala wake akapiga simu kusema jangwani wamemchagua, na kwamba wamefurahi sana, kwa sababu hachukui nafasi kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Aliondoka Septemba. Lorna alimfungia pirohi zilizogandishwa kwenye sanduku la barafu, akaongeza risasi kwenye koti mpaka pindo likagusa magoti. Kwenye kituo cha basi alimkumbatia, na akamkosa, mikono yake ikajikuta imemkumbatia yeye mwenyewe. Akajaribu tena, polepole, kama mtu anayepokea yai. Safari hii alipata kitu. Alikaa nacho mpaka dereva akapiga honi.

Oktoba simu ililia kinyozini. Ilikuwa timu mojawapo kati ya zile mpya, ina upungufu, na inauliza kama Bwana Machuk ana viatu vyake vya barafu. Glenn alivikuta darini. Alimaliza kumnyoa mteja aliyekuwa kitini, akageuza kibao cha mlangoni, akaenda. Mji mzima ulimsindikiza. Tangu siku hiyo Orest akawa hatoki mbali na simu, na Lorna alipoitumia kuzungumza na dada yake mumewe alikuwa anamwonyesha kwa kidole saa ya ukutani.

"Wakikuita utaenda?" alimuuliza siku moja.

"Goti likikubali."

"Na mimi nitabaki na nani?"

Orest alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Utatuona kwenye televisheni," alisema, kisha akasikia alichokisema, akaenda kuchukua kuni.

Mechi ya kwanza waliyoitazama pamoja ilikuwa Jumapili mchana, timu ya Dalton dhidi ya timu ya Glenn. Uwanja wa jangwani ulikuwa umejaa, watu wamevaa kaptula na kofia za bure. Barafu iling'aa. Juu ya barafu hapakuwa na mtu. Zilikuwepo fimbo tu, zinakimbia, zinapishana, na kile kisahani cheusi cha kuchezea kikiruka kutoka fimbo hadi fimbo, na jezi ambazo sasa nazo zilikuwa zimeanza kufifia. Aliyeonekana alikuwa Glenn peke yake, kwa kuwa alikuwa mgeni na ligi haijamla, anazunguka taratibu katikati na kitambi chake. Kamera zilimfuata yeye. Mtangazaji alimsifu kwa uwepo wake uwanjani.

"Wa kwetu yuko wapi?" aliuliza Orest, ameegemea mbele.

Lorna alikuwa anatazama fimbo, moja moja, kama anayetafuta koti la mtoto wake kwenye misumari ya shule. Kila iliyopita aliiacha iende. Orest alianza kusema kwamba labda leo hawakumpanga. Ndipo fimbo moja ikatokea kushoto na kisahani chake, lango liko wazi mbele yake, ikainuka juu kabla ya wakati, ikapiga. Kisahani kikagonga mwamba na kupotelea pembeni. Watu wa jangwani wakashangilia kwa nguvu, maana hakuna aliyewaambia kwamba halikuwa goli.

"Yule," alisema Lorna. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Umemjuaje?"

"Akiona lango anafumba macho. Tangu ana miaka sita."

Orest alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo. Mahali ambapo uso ungekuwepo palionekana ukingo wa uwanja, na tangazo la viyoyozi.

"Yamefumba?"

"Yamefumba," Lorna alisema.

Wakakaa wakimtazama, mpaka mechi ilipokatizwa ili kamishna aseme jambo kuhusu timu mbili nyingine.